SOMO LA MWEZI: Mlinzi wa Seli na Mahindi Yenye Ukungu



Kila mkulima anajua kwamba mahindi yaliyoota ukungu si chakula kizuri. Lakini ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwamba ni machungu, au kwamba yananuka, au kwamba mnunuzi atayakataa. Majibu hayo si ya uongo, lakini sababu kubwa zaidi imo ndani ya mwili wa mtu, mahali padogo pasipoonekana kwa macho. Mtu asiyeijua sababu hiyo hushawishika kuyasaga mahindi hayo wakati chakula kinapopungua, akisema moyoni, "Moto wa jiko utamaliza kila kitu." Moto haumalizi. Kwa hiyo mwezi huu yafaa tujifunze jambo hili hatua kwa hatua, kama watu waliokaa darasani. Mwisho wa somo mtakuta maswali ya kujipima.

Kitabu cha maagizo

Mwili wa mtu, mwili wa ng'ombe, na hata bua la hindi, vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ini lako ni seli, ngozi yako ni seli, na moyo wako ni seli. Kila siku seli nyingine huchakaa na kufa, na nyingine hujigawa mara mbili ili kujaza pengo.

Ndani ya seli mna uzi mwembamba sana uitwao DNA. Uzi huu ni kama kitabu cha maagizo ya mwili mzima. Kitabu hiki kimeandikwa kwa herufi nne tu, nazo ni A, T, G na C. Kila mtu amepata nakala moja kwa baba yake na nyingine kwa mama yake, na kila nakala ina herufi karibu bilioni 3. Uzi wote wa seli moja ukinyoshwa, urefu wake hufika kama mita 2, nao umekunjwa ukaenea ndani ya chembe ambayo huwezi kuiona bila darubini.

Kabla seli haijajigawa, hapana budi kitabu hiki kinakiliwe chote, ili kila seli mpya ipate maagizo yake. Sisi makarani twajua taabu ya kunakili. Barua ya ukurasa mmoja tu yaweza kuingia kosa. Basi fikirini kazi ya kunakili herufi bilioni 6, tena katika mabilioni ya seli kila siku.

Protini ni nini?

Mmezoea kuambiwa kwamba maharagwe, maziwa na mayai yana protini, na kwamba mtoto asipopata protini hakui vizuri. Hayo ni kweli. Lakini protini ya maharagwe haibaki kuwa ya maharagwe mwilini mwako. Tumbo huivunja vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na seli huchukua vipande hivyo na kuunganisha protini zake zenyewe, za aina maelfu mengi. Ni kama mtu abomoaye ukuta wa zamani akatumia matofali yaleyale kujenga nyumba ya namna nyingine.

Seli hujuaje tofali lipi lifuate lipi? Husoma kitabu cha DNA. Herufi husomwa tatu tatu, na kila fungu la herufi tatu hutaja tofali moja. Sehemu ya kitabu yenye maagizo ya kutengeneza protini fulani huitwa jeni.

Kumbukeni jambo hili: DNA ni maagizo tu, wala haifanyi kazi kwa mikono yake. Wafanya kazi wa seli ni protini. Ziko protini zinazobeba hewa katika damu, zinazovunja sumu katika ini, na zinazonakili DNA. Ziko pia zinazoipitia DNA kutafuta makosa na kuyasahihisha. Tena ziko zile zinazoamrisha nyingine zianze kazi au ziache. Seli yenye afya ni ile ambayo protini zake zinasikilizana.

Mlinzi aitwaye p53

Miongoni mwa hao waamrishaji, mmoja ametafutwa habari zake na wataalamu kuliko karibu wengine wote. Aligunduliwa mwaka 1979 na watafiti waliokuwa wakifanya kazi mbalimbali katika Uingereza, Marekani na Ufaransa. Jina lake ni p53. Herufi p ni ya protini, na hesabu ya 53 ilitokana na uzito wake kama ulivyopimwa katika maabara. Ni mnyororo wa asidi amino 393. Mwaka 1992 mtaalamu wa Uingereza aitwaye David Lane alimwita mlinzi wa kitabu chote cha maagizo, na jina hilo limemkaa.

Sasa tuone kazi yake.

Seli inapokuwa salama, p53 hutengenezwa na kuharibiwa papo hapo. Protini nyingine humkamata na kumtia alama ili avunjwe, hata katika dakika kama 20 nusu yake huwa imekwisha. Mtu aweza kuuliza, "Mbona seli inapoteza mali hivyo?" Jibu ni kwamba mlinzi huyu ana amri kali. Akiachwa azurure bila sababu, atasimamisha kazi nzuri. Lakini ni lazima awe karibu, ili siku ya hatari asichelewe.

DNA inapopata dhara, kwa jua kali, kwa moshi wa tumbaku au kwa sumu, protini nyingine hupiga mbiu. Mara p53 huacha kuvunjwa, naye huongezeka upesi. Huungana wanne wanne, wakaishika DNA na kufungua jeni zinazohitajika. Hapo mlinzi hufanya moja katika mambo matatu:

1. Huisimamisha seli isijigawe, ili kosa lisinakiliwe.

2. Huziongezea nguvu protini za kutengeneza. Hizi hukata kipande kilichoharibika katika uzi, kisha nyingine hujaza pengo kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima, maana DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba.

3. Ikiwa dhara limezidi, huiamuru seli ife. Seli moja ikifa kwa utaratibu hivyo, mwili haupungukiwi na kitu. Lakini seli moja mbovu ikiendelea kujigawa bila kuzuiwa, huo ndio mwanzo wa saratani.

Katika saratani za watu zilizochunguzwa, karibu nusu yake zimekutwa na jeni ya p53 iliyoharibika. Kwa upande mwingine yuko ndovu, mnyama tunayemjua vizuri, hasa yule avunjaye ua wa shamba usiku. Ndovu ana seli nyingi kuliko mtu kwa mbali, naye huishi miaka mingi, lakini ni nadra afe kwa saratani. Mwaka 2015 watafiti katika Marekani walieleza kwamba ndovu ana nakala kama 20 za jeni hii, hali mtu hupata nakala moja tu kutoka kila mzazi. Nyingi za ndovu si kamili kama ile ya asili, lakini seli zake zilizoharibika hujiua upesi kuliko zetu.

Basi sisi hatuna walinzi wengi wa akiba. Tuliye naye yatupasa tumtunze.

Sumu itokayo katika ukungu

Sasa turudi kwenye mahindi. Mwaka 1960 katika Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Walipochunguza, wataalamu waliona kwamba ndege hao walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu uitwao Aspergillus flavus. Sumu ya ukungu huo ikaitwa aflatoksini, na kwa Kiswahili twaiita sumukuvu. Ukungu huu hupenda mahindi na karanga, nao hustawi penye joto na unyevu. Huweza kuingia katika hindi likiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame au wadudu wakitoboa punje, kisha huongezeka ghalani.

Mtu akila sumukuvu, damu huipeleka kwenye ini. Humo protini za ini hujaribu kuivunja, kama zivunjavyo sumu nyingine. Lakini hapa pana msiba. Katika kuivunja, sehemu ya sumu hugeuzwa kuwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa, nayo huenda kushikamana na herufi G katika DNA. Protini nyingine hujitahidi kuinasa kabla haijafika, na zile za kutengeneza hukata sehemu zilizoshikwa. Lakini mtu akila kidogo kidogo kila siku, miaka nenda miaka rudi, kazi huzidi wafanya kazi. Siku moja seli hujigawa kabla herufi haijasahihishwa, na mahali pa G huandikwa T.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalitoa habari ya kushangaza. Kundi moja lilipima saratani ya ini ya watu wa Qidong katika China, na la pili lilipima ya watu wa kusini mwa Afrika. Nchi zote mbili zilikuwa na taabu ya sumukuvu katika chakula. Katika wagonjwa 16 wa Qidong, 8 walikuwa na kosa lilelile moja, tena mahali palepale: katika jeni ya p53, fungu la 249, herufi ya tatu. Palipokuwa AGG pakawa AGT. Kosa hilohilo lilionekana pia kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika.

Herufi moja yaweza kufanya nini? Andikeni neno LINDA. Sasa ondoeni herufi ya kwanza, wekeni P. Mnapata PINDA. Maneno haya yanafanana kwa macho, lakini maana zake ni mbali. Ndivyo ilivyo kwa p53. Tofali la 249 likibadilishwa, mlinzi hukunjika vibaya, asiweze tena kuishika DNA vizuri. Tena kwa kuwa hufanya kazi wanne wanne, mmoja aliyepinda akiingia katika kundi aweza kuwadhoofisha wenzake. Kwa hiyo sumu hii hutia dhara katika kitabu, tena huweza kumharibu yule yule aliyewekwa kukilinda.

Si kwamba mtu akila ugali mmoja wenye ukungu atapata saratani. Saratani huhitaji makosa kadhaa, na miaka mingi. Lakini kila sahani huongeza hesabu.

Hatari ikutanapo na hatari

Kuna kirusi kiitwacho hepatitisi B, ambacho nacho hushambulia ini. Seli za ini zikifa kwa ajili ya kirusi, nyingine hujigawa haraka kujaza pengo, na pasipo nafasi ya kusahihisha makosa huzidi. Uchunguzi wa watu wa Shanghai, China, uliotolewa mwaka 1994, ulionyesha hivi: mtu aliyekuwa na dalili za sumukuvu mwilini alikuwa na hatari ya saratani ya ini kama mara 3 kuliko asiye nazo, mwenye kirusi, kama mara 7, na mwenye vyote viwili, karibu mara 60.

Basi mama, usiache kumpeleka mtoto kliniki. Katika Kenya chanjo ya hepatitisi B imo ndani ya ile sindano ya watoto wachanga itolewayo wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Sindano hiyo hulinda ini tangu utotoni.

Wakati sumu inapoua kwa siku chache

Sumu ikiwa nyingi sana, haingoji miaka. Mwaka 2004 katika Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yalivimba, ini likashindwa. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Sampuli za mahindi na unga zilipopimwa madukani na sokoni, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiasi cha 20 katika bilioni, na katika kila 100, kama 7 zilipita 1,000. Sheria ya viwango ya Kenya hairuhusu zaidi ya 10.

Hao waliokufa hawakuwa wavivu. Mvua ilikuja wakati mbaya, na njaa ilikuwa nyumbani. Ndiyo sababu maarifa haya yafaa yawepo kabla ya taabu haijaja.

Kazi yetu sisi wakulima

Hakuna mtu awezaye kuingia ndani ya seli kumnyosha mlinzi aliyepinda. Lakini kuizuia sumu isimfikie kunawezekana, na kazi hiyo huanza shambani, kabla mahindi hayajafika sufuriani. Fuateni haya:

1. Panda kwa wakati, palilia, na zuia wadudu, ili mmea usidhoofike. Mahali penye taabu ya sumukuvu kuna dawa ya Aflasafe, ambayo ni ukungu usio na sumu unaofukuza ule wenye sumu. Hunyunyizwa shambani kwa mkono, kilo 4 kwa eka, majuma 2 au 3 kabla mahindi hayajatoa maua. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lako.

2. Vuna mara mahindi yakomaapo. Usiyaache shambani kungoja nafasi.

3. Usiyatupe mahindi chini kwenye udongo. Yaanike juu ya turubai au mkeka, na uyafunike mvua inapotishia.

4. Usiyapige kwa fimbo wakati wa kupukuchua. Punje iliyopasuka ni mlango wazi wa ukungu.

5. Kausha mpaka unyevu usizidi 13.5 kwa mia. Kama huna mashine ya kupimia, tumia chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikisa vizuri, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isipogandama, yamekaribia, yaanike siku moja au mbili zaidi.

6. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, penye kupita hewa. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri pia, lakini kwa mahindi makavu tu.

7. Chagua na uondoe punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa. Kukoboa pia hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini. Lakini hakuna njia ya jikoni inayoiondoa yote.

Wala usidanganyike kwamba ukichanganya debe moja bovu na madebe matano mazuri umeokoa chakula. Mara nyingi umeharibu madebe sita.

Habari ya ng'ombe na kuku

Desturi moja ya hatari ni kusema, "Haya hayafai watu, mpe ng'ombe." Ng'ombe wa gredi akilishwa mahindi yenye sumukuvu, ini lake huigeuza sehemu yake na kuitoa katika maziwa. Kwa kawaida hutoka kati ya 1 na 6 kwa kila 100, na huanza kuonekana katika maziwa mnamo siku moja. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Basi uliyemnyima mtoto ugali ule umempa sumu ileile katika kikombe cha chai. Heri ni kwamba ukiacha kumlisha ng'ombe chakula kibovu, maziwa husafika baada ya siku chache. Kuku nao hudhoofika na kupunguza mayai. Mahindi mabovu yazikwe, yasiuzwe, yasilishwe mifugo, wala yasipikiwe pombe.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya DNA na kazi ya protini?
2. Taja mambo matatu ambayo p53 hufanya DNA inapoharibika.
3. Kwa nini ni hatari zaidi sumu inapoharibu jeni ya p53 kuliko inapoharibu jeni nyingine?
4. Eleza jinsi ya kupima unyevu wa mahindi kwa chupa na chumvi.
5. Jirani yako anataka kumlisha ng'ombe wake mahindi yenye ukungu. Utamwambia nini?

Someni pamoja nyumbani, na asiyejua kusoma asomewe. Mavuno yanapokaribia, tayarisheni turubai, chupa na chumvi kabla ya kuvunja hindi la kwanza.